Kilichokuwa kikichemsha gari letu mlima wa Riat

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya. Niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata na sijaiandika. Kwa wiki tatu jioni zangu zote zimeishia nje ya nyumba hapa Mamboleo, tochi mdomoni na mikono imejaa grisi, nikitafuta kwa nini gari letu linachemsha. Sasa limepona, na nataka kuandika yote kabla sijasahau. Najua wengi wenu mna magari ya umri huu. Halafu kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa aibu kidogo: sijawahi kutafuta kosa ndani ya programu kwa uangalifu kama nilivyolitafuta hili, na programu ndiyo kazi inayonilisha.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo hapa Kenya kila mtu anaiita 110. Injini ni 5A, lita moja na nusu. Rangi imechujuka, mlango mmoja wa nyuma haufunguki kwa ndani. Lakini ndilo linalomleta Mama. Mama anaishi Chavakali na figo zake zimechoka, kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa anashuka Kisumu kusafishwa damu. Anakaa kwenye mashine saa nne. Akitoka pale hana nguvu ya kupanda matatu, kubanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu, na kushushwa stendi. Kwa hiyo namrudisha mimi.

Kwa wasioijua njia hiyo: kutoka mjini, ukipita Kondele mpaka Mamboleo, barabara ni tambarare. Ukishaacha makutano ya Mamboleo, pale barabara ya Miwani inapochepuka kulia, mlima unaanza. Unapanda Riat, unaendelea kupanda mpaka Kiboswa, kisha unaingia Vihiga. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Vihiga iko juu ya mita 1,500. Yaani gari linabeba watu na mizigo yao mita mia nne kwenda juu bila kupumzika, na mara nyingi nyuma ya lori.

Ijumaa moja tulikuwa tumepanda nusu ya mlima mshale wa joto ulipoanza kutambaa. Nilidhani macho yananidanganya. Dakika mbili baadaye mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nikaegesha. Maji yalikuwa yakitokota ndani ya ile chupa ya akiba na kumwagika barabarani. Mama alishushwa taratibu, akapewa kigoda na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, akakaa pale kwa karibu saa mbili akiwa na bandeji mkononi. Hakulalamika. Alisema tu, “Mwanangu, liache lipumzike. Hata mimi nimechoka.” Maneno hayo yaliniuma kuliko angenigombeza.

Kesho yake nikalipeleka kwa makenika. Aliangalia mahali maji yalipomwagika, akaangalia uso wangu, akasema, “Hedi imeenda, boss.” Shilingi 45,000, na gari likae kwake siku tano. Hakuwa amefungua kitu chochote. Sikatai kwamba angeweza kuwa sahihi, gasketi ya hedi huungua kweli gari likichemka. Lakini pesa hizo sikuwa nazo, na siku tano maana yake ni Jumanne moja na pengine Ijumaa moja pia. Nikaligeuza, nikalirudisha nyumbani polepole.

Hapo ndipo jirani yangu alipoingilia. Ni mzee aliyeendesha malori ya Mombasa hadi Kampala kwa miaka mingi, sasa amestaafu na anafuga kuku. Aliniuliza swali moja ambalo makenika hakuliuliza: “Kijana, inachemsha wapi?” Nikamwambia mlimani. “Na mjini, ukikwama Kondele kwenye jam?” Nikafikiri. Mjini halichemshi, mzee. Kwa kweli mjini mshale uko chini kabisa, karibu na baridi. Akatikisa kichwa. “Basi usianze na hedi. Anza na maji, uone yanapita wapi.”

Swali hilo la “wapi” ndilo sisi waandishi wa programu tunawasumbua nalo watumiaji kila siku: kosa linatokea ukibonyeza nini, baada ya nini, kwenye simu gani? Nami nilikuwa nimekwenda kwa fundi kama mtumiaji wa kawaida, nikasema “haifanyi kazi.” Gari linalochemka kwenye msongamano lakini linapoa likikimbia, mshuku wa kwanza ni feni, kwa sababu likikimbia upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Linalochemka likipanda mlima au likibeba mzigo, shaka inahamia kwenye maji yenyewe: yanazunguka kiasi gani, na redieta inaweza kuyapoza kiasi gani. Linalochemka popote huku maji yakipungua, tafuta uvujaji, na hapo ndipo gasketi ya hedi inapopata nafasi yake.

Nilianza hata hivyo na hedi, ili niache kuiota usiku. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilifungua kifuniko cha redieta. (Baridi kabisa, tafadhali. Maji ya redieta yako chini ya shinikizo, ukifungua yakiwa moto yanakurukia usoni yakichemka. Hili si jambo la kujaribu ukiwa na haraka.) Nikawasha injini na kutazama maji. Gasketi ikiwa imeungua, hewa ya mlipuko hupenya na unaona mapovu yasiyokoma. Sikuona mapovu, ila machache ya mwanzo. Nikachomoa kijiti cha oili: oili nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Vipimo hivi vitatu havitoi hakikisho kamili, lakini vilitosha kunizuia nisifungue hedi.

Nikaitafuta kumbukumbu ya makosa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya na kuwasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Kosa la sensa ya joto la maji ni namba 22: inakonyeza mara mbili, inapumzika, inakonyeza mara mbili. Nilifurahi kama mtoto. Taa ikakonyeza haraka haraka bila kupumzika, maana yake hakuna kosa lililoandikwa. Kumbukumbu tupu! Kompyuta ya gari haikuona tatizo lolote, kwa sababu kwa upande wake sensa zote zilikuwa zikisema ukweli. Maji yalikuwa moto kweli.

Kitu cha kwanza kibovu nilichokikuta kilikuwa kwenye kile kifuniko nilichokuwa nimekishika mkononi. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Watu hudhani kifuniko ni cha kuzuia maji yasimwagike tu, lakini kazi yake kubwa ni kushikilia shinikizo. Hapa Kisumu, kwa sababu tuko juu ya bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kama digrii 96, hayangoji 100. Kifuniko changu kimeandikwa 0.9, yaani kinaongeza karibu shinikizo moja zima la hewa ndani ya mfumo, na hapo maji hayachemki mpaka kama digrii 116. Kifuniko kikipoteza nguvu, umepoteza digrii ishirini za usalama hata kama kila kitu kingine ni kizima. Nilinunua kipya kwa shilingi mia chache. Safari iliyofuata maji hayakumwagika. Mshale hata hivyo ulipanda vilevile, na nikamrudisha Mama kwa kusimama mara mbili, madirisha wazi na hita ya ndani imefunguliwa mpaka mwisho. Hita ni redieta ndogo ya pili. Inakuchoma wewe lakini inaipumzisha injini, na Mama, ambaye huhisi baridi baada ya mashine, alisema ni vizuri.

Hapo niliamua kuacha kukisia. Mshale wa dashibodi haufai kwa uchunguzi, umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika digrii nyingi, ili wenye magari wasiogope bure. Nilikuwa na Arduino iliyokaa kwenye droo tangu mradi mmoja wa mtambo wa kumwagilia mboga, pamoja na sensa mbili za DS18B20, zile ndogo zinazopima mpaka digrii 125. Nikazifunga kwa utepe, nikazifunika na kipande cha sponji ili upepo usizipoze. Moja niliiweka kwenye shingo ya chuma ambapo maji ya moto yanatoka kwenye injini kwenda redieta. Nyingine kwenye shingo ambapo maji yaliyopozwa yanarudi. Msiziweke juu ya mpira, mpira unazuia joto na namba zitawadanganya. Programu yenyewe ilikuwa na mistari thelathini hivi: soma sensa zote mbili kila sekunde, andika kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu fupi kuliko zote nilizoandika mwaka huu, na pengine ndiyo iliyonifaa zaidi.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, nikapanda peke yangu na magunia mawili ya mchanga kwenye viti vya nyuma badala ya abiria. Kabla ya mlima, huku chini: maji yanayotoka digrii 68, yanayorudi 55. Hiyo peke yake ni ajabu, injini hii inatakiwa kukaa juu ya 80. Karibu na kilele cha Riat: yanayotoka digrii 104 na bado yanapanda, yanayorudi 72. Nikageuza.

Niliketi na zile namba mezani, nikafanya kosa langu kubwa la hadithi hii. Tofauti ya digrii 32! Nikasema redieta hii ni nzima kabisa, inayapoza maji vizuri mno. Nikaanza kushuku pampu ya maji, na Jumapili nzima ikaenda nikilegeza mkanda, nikichungulia pampu, nikiutingisha mhimili wake. Pampu ilikuwa nzima, haina mchezo, haivuji.

Mke wangu ndiye aliyenizindua bila kujua. Alikuwa akimpoza mtoto chai, anaimwaga kidogo kwenye kisahani na kumrudishia. Chai kidogo kwenye kisahani inapoa mara moja, kikombe kizima kinakaa moto. Maji yangu yalikuwa yakipoa sana kwa sababu yaliyopita kwenye redieta yalikuwa kidogo. Tofauti kubwa haikuwa sifa ya redieta, ilikuwa malalamiko yake. Pampu inasukuma, redieta inapokea kidogo. Basi mengine yanapita wapi? Swali la mzee.

Nikafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu.

Ngoja nieleze kidogo, maana hapa ndipo kiini kilipo. Thamostati ni kivali chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu kupitia njia ya mkato, bila kwenda redieta, ili injini ipate joto haraka. Maji yakifika digrii zilizoandikwa juu yake, 82 kwa mfano, nta inatanuka na kusukuma mlango ufunguke. Katika ukanda wetu huu fundi wengi wanaitoa na kuitupa. Hoja yao inasikika vizuri: hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu jua lipo, inaziba maji bure. Nami nilikumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita, kabla Mama hajaanza kuugua, gari liliwahi kuchemka, fundi mmoja akalitengeneza kwa nusu saa na kwa bei ya soda. Sikumuuliza alifanya nini. Lilikuwa limepona.

Kile ambacho yeye hakujua, na mimi sikujua, ni kwamba thamostati ya injini kama hii ina milango miwili. Mmoja unafungua njia ya redieta. Mwingine, kisahani kidogo cha chini, unaziba ile njia ya mkato wakati huohuo. Ukiitoa yote, njia ya redieta iko wazi, sawa, lakini njia ya mkato nayo iko wazi siku zote. Maji ni kama sisi wenyewe, yanapenda njia fupi. Sehemu kubwa inazunguka kwenye injini, inatoka moto na kurudi moto, haijawahi kuiona redieta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya waziwazi kwamba thamostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemka, kwa sababu upoaji unapungua.

Kwa nini basi liliendesha vizuri miaka yote hiyo? Kwa sababu huku bondeni injini haifanyi kazi kubwa. Maji machache yanayopita redieta yanatosha na kuzidi, ndiyo maana mshale ulikuwa karibu na baridi, na ndiyo maana petroli ilikuwa ikiisha haraka, kompyuta ikidhani injini haijapata joto na kuongeza mafuta. Tiba ya yule fundi ilijaribiwa Kondele. Haikujaribiwa Riat. Nimeandika tiba za aina hiyo mimi mwenyewe, usiku, mteja akisubiri: unazima ukaguzi unaopiga kelele, kelele inakwisha, kila mtu anashukuru. Tena bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo kwa atakayekuja baadaye.

Haikuwa tiba moja tu. Feni nayo nilikuta imeunganishwa moja kwa moja na swichi ya gari, inazunguka tangu unawasha mpaka unazima. Inauma zaidi ukijua jinsi wahandisi wa gari hili walivyofikiri. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo swichi ya joto ya feni hufanya kazi kinyume na unavyotarajia: ikiwa baridi inapitisha umeme na kuizuia feni, ikiwa moto inakata na feni inazunguka. Kwa hiyo waya ukikatika, au swichi ikichomoka, feni inazunguka yenyewe. Kosa linaangukia upande salama. Mtu alikaa mezani akawaza siku ambayo waya utakatika mlimani, na mtu mwingine akaja na koleo.

Thamostati mpya ilitoka Nairobi, Kirinyaga Road, ikaja na matatu ya usiku. Kabla ya kuifunga niliijaribu jikoni. Unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi, unaweka kipimajoto, unawasha jiko. Ilipofika 82 mlango ukaanza kutambaa kufunguka, na kabla maji hayajachemka ulikuwa umefunguka wote. Kifanyeni hiki, hata kama kitu ni kipya dukani. Thamostati iliyokwama imefungwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Niliifunga ikiwa na mpira wake mpya, kile kitundu kidogo chenye pini kikiwa juu ili hewa itoke, nikajaza nusu maji safi na nusu kulanti. Maji ya kisima chetu yanaacha gamba jeupe kwenye birika, sitaki yafanye hivyo ndani ya injini. Kulanti ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo ile iliyomwagika nilikuwa nimeifuta kabla kuku wa mzee hawajafika.

Jumapili ya pili, mchanga uleule, mlima uleule. Huku chini sasa 88, kama injini ya watu. Karibu na kilele: yanayotoka 99, yanayorudi 89. Nafuu, lakini bado namba zilikuwa zikipanda pole pole. Na tazameni, kosa lilikuwa limebadilika sura. Sasa maji mengi yanapita redieta, tofauti ni digrii kumi tu, lakini yanatoka kule bado yana 89. Maji yapo, feni ipo, na redieta haiwezi kulitoa joto hewani. Kama nisingekuwa na zile namba mbili ningesema thamostati haikusaidia, na pengine ningeitoa tena! Tatizo la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza.

Kwa mbele redieta ilionekana safi. Lakini ninachokiona mbele si redieta, ni kile kipozeo cha AC kilichowekwa mbele yake. Kati ya viwili hivyo kuna nafasi ya vidole viwili. Nikafungua boliti za juu, nikaivuta redieta nyuma kidogo, nikamulika tochi. Sikuona redieta. Niliona kama blanketi.

Wengi wenu mnaoishi kando ya Ziwa Victoria mmeshawaona wale visubi wa ziwa, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuja kwenye taa usiku. Sisi hushuka Dunga Jumapili kula samaki na kurudi giza likiingia, taa zinawaka, tunapita katikati yao. Kwa miaka wamekuwa wakipenya kipozeo cha AC na kunasa kwenye redieta. Juu yao vikakaa vumbi na makapi ya miwa, maana trela za miwa hupita barabara ya Miwani zikimwaga njia nzima, na kila mvua ikaukanda mchanganyiko huo kama matofali. Nilipiga maji kwa mpira wa bustani kutoka nyuma kwenda mbele, bila nguvu nyingi, maana mapezi ya redieta ni membamba na yanalala ukiyapiga. Ilichukua saa nzima. Kilichotoka kilijaza karai.

Mnajua kile kisa cha mwaka 1947, wahandisi wa Harvard walipomkuta nondo kwenye rilei ya kompyuta ya Mark II na kumbandika kwa utepe kwenye daftari lao? Wao walikuwa na mdudu mmoja. Mimi nilikuwa na karai. Mzee alikuja kutazama, akachota kidogo kwa kijiti, akasema kuku wake wasingevila hivyo vilivyooza, na akaenda zake. Nadhani alikuwa amefurahi.

Jumatatu jioni nikapanda tena. Kilele cha Riat: yanayotoka 94, yanayorudi 82. Nikaendelea mpaka Kiboswa nyuma ya lori la saruji, gia ya pili, AC imewashwa kwa makusudi. 95, ikakaa hapo. Niliegesha nikatazama namba kwa dakika kumi kama mtu anayetazama mechi.

Gharama yote, pamoja na kulanti na nauli ya thamostati, haikufika shilingi 6,000. Sisemi msiende kwa makenika. Wapo wazuri sana, na hedi ikiwa imeenda kweli hakuna programu wala sufuria itakayokusaidia. Ila muulizeni anajuaje, na akitoa kitu kwenye gari lenu mwambieni awaoneshe alichotoa.

Jumanne nilimpandisha Mama. Alilala tangu Mamboleo. Pale juu ya Riat aliamka, akaangalia nje, akauliza kwa nini leo hatukusimama kwa yule mama wa mahindi. Tukasimama. Sikuzima injini, nilitaka kuona. Mama akanunua mawili, moja akanipa, na yule mama akamwuliza kama gari limekufa tena. “Leo tumesimama kwa kupenda,” akamjibu.

Ndani ya boneti nimebandika karatasi iliyofunikwa na plastiki: thamostati ya 82 IMO, isitolewe, tarehe na sababu. Bado kuna ule waya wa feni. Swichi nimeiagiza, na nitakapoufunga kama wahandisi walivyokusudia nitawaonesha mchoro. Ile sehemu ya pili ya hifadhidata nimeianza, ipo nusu.